Karl Paul Link: Mwanakemia aliyeigeuza sumu ya ng'ombe kuwa kidonge cha kuzuia damu kuganda

Katika kliniki za moyo za Afrika Mashariki wapo wagonjwa wanaorudi kila baada ya wiki chache kwa shughuli ileile: kutolewa damu kidogo, kupimwa damu hiyo inachukua muda gani kuganda, kisha kuambiwa wameze vidonge vingapi mpaka siku ya kurudi tena. Katika wodi za jirani, wagonjwa wengine hudungwa sindano chini ya ngozi ya tumbo, au huwekewa dripu, kwa lengo hilohilo. Kidonge hicho ni warfarini. Sindano ni ya heparini. Zote mbili hupambana na madonge ya damu yanayoweza kuziba mshipa wa mguu, wa pafu au wa ubongo. Hata hivyo hazina asili moja, hazifanyi kazi kwa njia moja, na hadi leo hakuna iliyoweza kuiondoa nyenzake hospitalini.

Wengi huziita dawa za kuyeyusha damu. Jina hilo linapotosha kidogo, kwa kuwa hazifanyi damu kuwa nyepesi kama maji, wala haziyeyushi donge lililokwisha kujengeka. Kazi yake ni kuzuia donge jipya lisitokee na lile lililopo lisikue, ili mwili wenyewe upate nafasi ya kulimaliza pole pole.

Sindano ilitangulia, kidonge kikafuata. Historia ya kidonge haiwezi kutengwa na maisha ya Karl Paul Link, mwanakemia wa Marekani aliyefariki dunia mwaka 1978. Hakuwa daktari wa binadamu, wala hakuanza kwa kutafuta dawa. Alianza na swali la wafugaji: kwa nini ng'ombe wao wanavuja damu hadi kufa?

Mwana wa mchungaji

Link alizaliwa tarehe 31 Januari 1901 katika mji wa LaPorte, jimbo la Indiana. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kilutheri mwenye asili ya Kijerumani, na nyumba yao ilikuwa na watoto kumi. Mwaka 1918 kijana huyo alijiunga na Chuo Kikuu cha Wisconsin katika mji wa Madison, akasomea kemia ya kilimo, na mwaka 1925 akatunukiwa shahada ya uzamivu.

Baada ya hapo alipata ufadhili wa kuendelea na masomo Ulaya. Alikwenda kwanza Scotland, katika Chuo Kikuu cha St Andrews, kujifunza kemia ya sukari kwa James Irvine. Akapita Graz, nchini Austria, kwa Fritz Pregl, bingwa wa kuchambua viasili vya vitu kwa kutumia kiasi kidogo mno. Hatimaye akawa Zürich, nchini Uswisi, kwa Paul Karrer, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel. Ujuzi huo wa kukamata kitu kidogo sana ndani ya mchanganyiko mkubwa ndio utakaomfaa miaka mingi baadaye.

Ulaya ilimpa elimu, lakini huko pia aliugua kifua kikuu. Alitibiwa na kupumzika katika milima ya Uswisi, kisha akarudi Madison mwaka 1927 kuanza kufundisha katika chuo kilichomlea. Ugonjwa huo haukumwacha moja kwa moja. Utarudi kumlaza kitandani, na kwa njia isiyotarajiwa utachangia kuzaliwa kwa dawa iliyomletea jina.

Sindano iliyotangulia

Link alipokuwa bado mvulana shuleni, dawa ya kwanza ya kuzuia damu kuganda ilikuwa imekwisha kuonekana. Mwaka 1916, katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore, mwanafunzi wa udaktari aitwaye Jay McLean alikuwa akifanya utafiti chini ya Profesa William Henry Howell. Kazi aliyopewa ilikuwa kuchunguza vitu vinavyoharakisha damu kuganda. Badala yake alikuta katika ini la mbwa kitu kinachofanya kinyume kabisa. Howell aliendeleza uchunguzi huo, na mwaka 1918 akatumia jina heparini, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya ini.

Ilichukua karibu miaka ishirini kabla ya heparini kusafishwa kiasi cha kumfaa mgonjwa. Kazi hiyo ilifanywa hasa Toronto, Kanada, na kundi la Charles Best, yule aliyeshiriki katika ugunduzi wa insulini, na pia Stockholm, Sweden, na Erik Jorpes. Kufikia katikati ya miaka ya 1930 madaktari wa upasuaji walianza kuitumia kwa binadamu.

Heparini ilikuwa na sifa kubwa: ilifanya kazi papo hapo. Ndani ya damu kuna protini iitwayo antithrombini, ambayo kwa kawaida huzuia kuganda kwa mwendo wa taratibu. Heparini huishika protini hiyo na kuongeza nguvu zake maradufu kwa maradufu. Ikiingia kwenye mshipa, athari yake huonekana mara moja. Ikisimamishwa, athari huisha baada ya saa chache.

Kasoro yake ilikuwa kwamba haimezeki. Molekuli zake ni kubwa na zimebeba chaji nyingi za umeme, kwa hiyo utumbo hauzipokei. Mgonjwa alilazimika kudungwa, tena mara kwa mara, akiwa hospitalini. Dawa yenyewe ilitolewa katika viungo vya wanyama, ikawa ghali. Kwa mtu aliyehitaji kinga ya siku chache baada ya kupasuliwa, iliwezekana. Kwa mtu aliyehitaji kinga ya miezi au maisha yake yote, haikuwezekana. Ndiyo maana waganga walitamani kitu cha kumeza, na hakuna aliyejua kitatoka wapi.

Ugonjwa wa malisho

Kitu hicho kilikuwa tayari kinaua mifugo. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, ng'ombe wa nyanda za Kanada na kaskazini mwa Marekani walianza kufa kwa namna ya kutisha. Ng'ombe aliyekatwa pembe au kuhasiwa, kazi ya kawaida ya kila mfugaji, alitokwa na damu isiyokoma. Wengine walivuja damu ndani ya mwili bila jeraha lolote.

Daktari wa mifugo Frank Schofield, aliyekuwa akifanya kazi katika jimbo la Ontario, aligundua kuwa chanzo ni chakula. Wafugaji walikuwa wamepanda klova tamu, mmea wa jamii ya kunde unaostahimili ardhi duni, wakaukausha kwa ajili ya majira ya baridi. Pale majani makavu yaliponyeshewa na kuota ukungu, yaligeuka sumu. Majani mazuri hayakuwa na madhara. Baadaye Lee Roderick, katika jimbo la North Dakota, alionyesha kwamba damu ya ng'ombe hao ilipungukiwa na protrombini, mojawapo ya protini zinazohitajika ili damu igande. Pia ilijulikana kuwa mnyama aliweza kuokolewa kwa kuachishwa malisho hayo na kuongezewa damu ya mnyama mwenye afya.

Tiba ilikuwa inafahamika, basi, lakini sumu yenyewe haikufahamika. Na kwa mfugaji wa miaka ile ya mdororo mkubwa wa uchumi, shauri la kutupa malisho yote na kununua mengine lilikuwa gumu kulifuata.

Jumamosi ya theluji

Siku moja ya Jumamosi mwezi Februari mwaka 1933, katikati ya dhoruba ya theluji, mfugaji mmoja aliendesha gari umbali wa kilomita zipatazo 300 hadi Madison. Alibeba mtamba aliyekufa, kopo la maziwa lililojaa damu isiyoganda, na takriban kilo 45 za klova iliyooza, malisho pekee aliyokuwa amebakiwa nayo. Mitamba wake walikuwa wamekufa, na fahali wake alikuwa anatokwa na damu puani. Alikuwa akimtafuta daktari wa mifugo wa serikali, akakuta ofisi imefungwa. Mlango aliouona uko wazi ulikuwa wa maabara ya Link.

Wiki chache tu kabla ya hapo, Link alikuwa amezungumza na wataalamu wa mbegu wa chuo hicho juu ya kuzalisha klova isiyo na uchungu. Kwa hiyo ugonjwa ule hakuusikia kwa mara ya kwanza. Lakini kuusoma ni jambo moja, na kusimama mbele ya mtu anayepoteza riziki yake ni jambo jingine. Alimweleza mfugaji yale yaliyojulikana: aache kuwalisha klova ile, na ikiwezekana ng'ombe waongezewe damu. Hakuwa na zaidi ya hayo. Mfugaji akarudi kwenye theluji na safari yake ndefu.

Link mwenyewe aliandika miaka mingi baadaye kwamba mgeni huyo alimwachia mzigo ambao hakuweza kuuweka chini. Msaidizi wake, Mjerumani aitwaye Eugen Schoeffel, alifadhaika zaidi yake. Aliingiza mikono yake katika ile damu, akaitazama jinsi isivyoganda, na wawili hao wakabaki maabara wakianza kazi siku hiyohiyo.

Miaka sita ya kutafuta

Klova mbichi ina kemikali iitwayo kumarini, ambayo ndiyo huyapa majani yaliyokatwa karibuni harufu yake tamu. Kumarini yenyewe haimzuii ng'ombe kugandisha damu. Kulikuwa na kitu kingine, kilichotokea wakati ukungu ulipoyala majani, nacho kilikuwa kidogo mno.

Ugumu wa kwanza ulikuwa kipimo. Kila walipotenga sehemu ya majani, ilibidi wajue kama sumu imo au imeachwa nyuma. Waliwalisha sungura sehemu hizo, kisha wakapima muda wa damu yao kuganda. Sungura walitofautiana, dozi iliyomdhuru mmoja haikumgusa mwingine. Ilichukua miaka kupata njia ya kupima inayoaminika. Wakati huohuo, mwaka 1935, daktari Armand Quick, mwenyeji wa jimbo lilelile la Wisconsin, alichapisha kipimo cha muda wa protrombini, ambacho mfano wake unatumika hadi leo kwa wagonjwa wa warfarini.

Alfajiri ya tarehe 28 Juni 1939, mwanafunzi wa Link aitwaye Harold Campbell aliona chini ya hadubini fuwele za kitu walichokuwa wakikitafuta. Mwenzake, Mark Stahmann, akaongoza kazi ya kukitoa kwa kiasi kikubwa zaidi, na baada ya miezi kadhaa ya kushughulikia marobota ya majani walipata chini ya gramu mbili. Mwaka 1940 Charles Huebner alithibitisha umbo lake: molekuli mbili zinazofanana na kumarini zilizounganishwa pamoja. Wakakiita dikumaroli, wakakitengeneza maabara, na mwaka 1941 wakachapisha matokeo.

Sumu iliyokuwa imewafilisi wafugaji sasa ilikuwa poda nyeupe ndani ya chupa, nayo ilikuwa inamezeka.

Kidonge dhidi ya sindano

Mwaka huohuo wa 1941, madaktari wa Mayo Clinic katika jimbo la Minnesota na wenzao wa hospitali ya Wisconsin walianza kuwapa wagonjwa dikumaroli. Hapo ndipo tofauti kati ya kidonge na sindano ilipoonekana wazi, na ni tofauti ambayo kila mgonjwa wa leo bado anaikuta.

Ukitia heparini ndani ya kichupa cha damu, damu hiyo haitaganda. Ukitia dikumaroli, itaganda kama kawaida. Kidonge hakigusi damu moja kwa moja. Kinafanya kazi katika ini. Ini hutengeneza protini kadhaa za kugandisha damu kwa msaada wa vitamini K, na kidonge huzuia vitamini hiyo isitumike. Protini zilizokwisha kuwamo ndani ya damu huendelea kufanya kazi hadi ziishe zenyewe, jambo linalochukua siku kadhaa. Tunaweza kusema kwamba heparini ni maji yanayomwagwa juu ya moto unaowaka, ilhali kidonge kinafunga njia ya kuletea kuni.

Kwa sababu hiyo, madaktari walijifunza kuzitumia pamoja. Mgonjwa mwenye donge mguuni au katika pafu huanzishiwa sindano na warfarini kwa wakati mmoja. Sindano humlinda siku tano au zaidi, mpaka kipimo kionyeshe kwamba kidonge kimeshika kazi, ndipo sindano huachwa. Anayeharakisha kuiacha sindano kwa kuwa amekwisha kumeza vidonge siku mbili hubaki bila ulinzi wakati anauhitaji zaidi.

Link aliona mapema kwamba dawa ya namna hii haiwezi kuwa salama bila kinza chake. Vitamini K ilikuwa imegunduliwa na Mdenmark Henrik Dam, na Link alionyesha kwamba vitamini hiyo huondoa athari ya dikumaroli. Mwanzoni si madaktari wote walioshawishika, lakini jambo hilo lilithibitika. Heparini nayo ina kinza chake, protini iitwayo protamini, inayofanya kazi kwa dakika chache. Vitamini K huchukua saa nyingi, kwa kuwa ini linahitaji muda wa kutengeneza upya protini zilizopungua. Anayevuja damu sana hupewa pia damu au viambato vyake vya kugandisha.

Namba 42

Mwezi Septemba mwaka 1945, baada ya kulowa na kupigwa na baridi katika safari ya mtumbwi pamoja na familia yake, Link aliugua mapafu. Alilazwa hospitalini, kisha akapelekwa kwa miezi kadhaa katika hospitali ya wagonjwa wa kifua kikuu. Akiwa kitandani hapo alisoma vitabu vya historia ya vita vya binadamu dhidi ya panya.

Panya ni mnyama mwerevu. Akila sumu inayomdhuru mara moja, wenzake huikwepa. Link alifikiri kwamba sumu inayofanya kazi taratibu, siku kadhaa baada ya kuliwa, haitamtia panya shaka. Dikumaroli ilikuwa dhaifu mno kwa kazi hiyo, lakini maabara yake ilikuwa imetengeneza jamaa zake wapatao 150. Aliporudi kazini, vitu hivyo vilipimwa upya, na namba 42 katika orodha hiyo ikawashinda wote kwa nguvu.

Hataza yake ilisimamiwa na taasisi ya wahitimu wa chuo hicho, iliyoundwa mwaka 1925 ili mapato ya uvumbuzi yarudi kugharimia utafiti. Herufi za kwanza za jina la taasisi hiyo kwa Kiingereza ni WARF. Zikaunganishwa na mwisho wa neno kumarini, na jina warfarini likazaliwa. Mwaka 1948 iliingia sokoni kama sumu ya panya, ikasambaa duniani kote.

Nani angethubutu kumpa mgonjwa sumu ya panya? Jibu lilikuja kwa njia ya huzuni. Mwaka 1951 mwanajeshi mmoja wa Marekani alijaribu kujiua kwa kula warfarini kwa siku kadhaa. Alifikishwa hospitalini, akapewa vitamini K na kuongezewa damu, akapona kabisa. Tukio hilo liliwaonyesha madaktari kwamba hata kiasi kikubwa kinaweza kukabiliwa, mradi kinza kipo na mgonjwa amefika kwa wakati. Majaribio yakafuata, na warfarini ikaonekana bora kuliko dikumaroli: ina nguvu zaidi kwa dozi ndogo, na inafyonzwa vizuri utumboni. Mwaka 1954 iliidhinishwa kwa matumizi ya binadamu. Mwezi Septemba mwaka 1955 Rais Dwight Eisenhower alipatwa na mshtuko wa moyo akiwa Denver, naye akawa miongoni mwa waliotibiwa kwa warfarini. Baada ya hapo hofu ya umma ilipungua.

Mtu aliyeishi nje ya mstari

Katika chuo chake Link alijulikana kwa mavazi yasiyo ya kawaida, joho likiwa mojawapo, na kwa ulimi usiomwogopa mkuu yeyote. Mkewe, Elizabeth Feldman, aliyemwoa mwaka 1930, alikuwa mtetezi wa amani, na walipata wana watatu. Miaka ya mwanzo ya 1950, wakati seneta wa jimbo lao, Joseph McCarthy, alipokuwa akiwaandama watu kwa tuhuma za ukomunisti, wahadhiri wengi walinyamaza. Link alikubali kuwa mlezi wa vyama vya wanafunzi ambavyo wengine waliogopa hata kuonekana navyo.

Alichaguliwa kuingia katika Chuo cha Taifa cha Sayansi mwaka 1946, na alipata Tuzo ya Lasker mara mbili, mwaka 1955 na mwaka 1960. Alistaafu mwaka 1971.

Kipi kinamfaa nani?

Swali ambalo wagonjwa huuliza mara nyingi ni kwa nini mmoja anapewa sindano na mwingine kidonge. Jibu halitokani na ipi yenye nguvu zaidi. Linategemea haraka iliyopo, muda wa matibabu, na mwili wa mgonjwa mwenyewe.

Sindano hufaa pale kinga inapohitajika sasa hivi, au pale inapoweza kuhitajika kusimamishwa kwa haraka, kama vile kabla na baada ya upasuaji. Tangu miaka ya 1980 kumekuwapo heparini za molekuli ndogo, kama enoksaparini, zinazodungwa chini ya ngozi mara moja au mbili kwa siku bila haja ya kupima damu kila wakati; mgonjwa anaweza hata kujidunga nyumbani. Ni muhimu mno kwa mama mjamzito. Heparini haivuki kondo la nyuma kumfikia mtoto. Warfarini huvuka, na inaweza kumlemaza mtoto tumboni, hasa katika miezi ya mwanzo. Mwanamke anayetumia warfarini na anatarajia kupata mimba anapaswa kumweleza daktari mapema, si baada ya miezi kupita. Hata hivyo, sindano nazo zina hatari zake: zinaweza kuvujisha damu, na mara chache heparini hupunguza chembe sahani za damu kwa namna ya hatari. Mwenye figo dhaifu huhitaji dozi yake iangaliwe kwa makini.

Kidonge hufaa kwa safari ndefu. Ni rahisi kwa bei, kinahifadhika bila friji, na hakihitaji sindano. Gharama yake iko kwingine: mgonjwa wa warfarini amefungwa na kipimo. Kwa wengi, kipimo kiitwacho INR kinapaswa kuwa kati ya 2 na 3. Kikishuka, donge linaweza kutokea. Kikipanda mno, damu inaweza kuvuja, hata katika ubongo. Chakula chenye vitamini K kwa wingi, kama mchicha, sukuma wiki na kisamvu, hupunguza nguvu ya dawa. Ushauri si kuviacha vyakula hivyo, bali kuvila kwa kiasi kisichobadilikabadilika. Dawa nyingine pia huingiliana nayo. Rifampisini, inayotumika kutibu kifua kikuu, ugonjwa uleule uliomlaza Link, hupunguza sana nguvu ya warfarini. Aspirini na dawa nyingi za maumivu huongeza hatari ya kuvuja damu, na dawa za mitishamba zinaweza kuyumbisha kipimo bila mgonjwa kujua sababu.

Tangu mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii, vidonge vipya kama dabigatrani na rivaroksabani vimeingia sokoni. Havihitaji kipimo cha mara kwa mara na havisumbuliwi na mboga za majani. Shirika la Afya Duniani liliviingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2019. Wengi walidhani siku za warfarini zimekwisha.

Hazijaisha, na sababu yake inatuhusu moja kwa moja. Mwaka 2012 jaribio la dabigatrani kwa wagonjwa waliowekewa vali za chuma za moyo lilisimamishwa kwa sababu liliwaletea madonge na kuvuja damu zaidi. Mwaka 2022 yakachapishwa matokeo ya utafiti uliohusisha wagonjwa zaidi ya 4,500 katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Wote walikuwa na ugonjwa wa vali za moyo unaotokana na homa ya baridi yabisi, pamoja na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio; wengi wao walikuwa wanawake. Huu ni ugonjwa unaoanza utotoni kwa maambukizi ya koo yasiyotibiwa, nao umebaki katika nchi zetu wakati nchi tajiri zimekwisha kuusahau. Watafiti wengi walitarajia kidonge kipya kifanye vizuri angalau sawa na cha zamani. Kilichotokea ni kwamba waliotumia dawa za jamii ya warfarini walikufa wachache zaidi kuliko waliopewa rivaroksabani, na hawakuvuja damu zaidi.

Kwa hiyo, mwanamke mwenye vali iliyoharibika, akiwa kwenye foleni ya kupimwa damu mjini Kampala, Kigali au Mwanza, hapewi dawa ya zamani kwa sababu tu nchi yake haina fedha. Anapewa ile iliyothibitika kumfaa. Kinachobaki kuwa swali la fedha na sera ni kama kituo cha kupimia kiko karibu naye, au ni lazima asafiri siku nzima kufika.

Karl Paul Link alifariki tarehe 21 Novemba 1978, kwa maradhi ya moyo, akiwa na umri wa miaka 77. Mwaka huohuo, John Suttie na wenzake katika chuo kilekile cha Wisconsin walikuwa wakieleza kwa undani namna warfarini inavyozuia kimeng'enya kinachoirudishia vitamini K uwezo wake. Swali lililoletwa Madison katika kopo la maziwa mwaka 1933 lilikuwa limechukua miaka 45 kujibiwa.